Kinoa Kando ya Lambo

Jumapili, 8 Juni 1997

Nimeamua kupanda, na nimemwambia Venant kabla hajamaliza chai, ili asipate nafasi ya kunipangia mengine.

Mume wangu huja Kisesa kila Jumapili kwa baiskeli. Tangu kiwanda cha kuchambua pamba kifungwe na mafundi warudishwe majumbani, amepata kazi ya mashine kwenye kiwanda cha minofu ya sangara huko Ilemela, na amepanga chumba Mirongo. Mimi nami nilipunguzwa kazini mwaka jana, pamoja na mabwana shamba wengi wa wilaya. Watu hapa bado wananiita Bibi Shamba. Sijawakataza. Kazi walichukua, ujuzi waliniachia.

"Specioza," akasema Venant, "mvua imekataa. Mahindi ya watu wote yamekaukia shambani. Sasa wewe mwezi wa sita unapanda nini?"

"Kinoa."

"Ile ya kwenye kopo?"

"Ile ile."

Kinoa ni nafaka ya mbali sana, ya milima ya Amerika ya Kusini, ndugu wa mchicha. Niliishughulikia kwenye shamba la majaribio mpaka wafadhili walipofunga mizigo yao. Mtafiti aliniachia kopo la mbegu. Misimu miwili nimekuwa nikiizidisha nyuma ya nyumba kwa maji ya kuoshea vyombo, na sasa mbegu zinatosha robo eka. Haihitaji mvua. Inahitaji maji kidogo, lakini kwa wakati wake.

Venant anataka nihamie mjini. Anasema kiwandani wanachukua wanawake wa kukata minofu. Tumekubaliana: nisipovuna kitu cha maana hadi mwisho wa Oktoba, nafunga nyumba hii na kumfuata. Nimekubali upesi, kwa kuwa sioni nitakavyoshindwa.

Jumatano, 11 Juni

Shamba langu liko chini ya lambo, bwawa ambalo kijiji kilichimba kwa ajili ya ng'ombe. Huwezi kuchota hata ndoo bila ruhusa ya Malimi, mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nilikwenda na Suzana, jirani yangu. Suzana ni mjane, nyumba yake imejaa watoto, na nimempa matuta ya upande wa kusini alime yake mwenyewe. Pia Malimi akianza Kisukuma mimi huachwa njiani, na Suzana hunirudisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," akasema, yaani mama. "Nimesikia unataka maji ya ng'ombe wangu."

"Ya kijiji, mzee."

Akanitazama kidogo. "Haya, ya kijiji. Hiyo mbegu yako inakunywa kiasi gani?"

Nikamweleza. Inataka maji inapoota. Halafu unaiacha itafute yenyewe, mizizi iende chini. Inataka tena ikichanua, na mara ya mwisho punje zikiwa na maziwa. Basi.

"Mmea unaokunywa mara tatu tu," akasema. Alisema kama mtu aliyeambiwa kuna ng'ombe anayetaga.

Akakubali kwa sharti moja. Tuchote jioni, ng'ombe wakishamaliza, na siku kamati ikisema maji hayatoshi, tunasimama hapo hapo, bila kubishana. Nikasema sawa. Suzana naye akasema sawa.

Njiani nilimwambia Suzana kwamba mzee huyu ana roho ya choyo.

Jumamosi, 14 Juni

Tumepanda. Mbegu ni ndogo kama uwele, unazichanganya na mchanga ndipo umwage kwenye mstari, la sivyo zinaanguka zote mahali pamoja. Tumemwagilia hadi jua likazama. Mgongo wangu unanisema, lakini nina furaha.

Jumapili, 15 Juni

Hakuna jipya. Venant amekuja, ameondoka.

Alhamisi, 19 Juni

Imeota. Yote.

Jumatatu, 7 Julai

Tumepunguza miche. Tuliyong'oa Suzana ameipika kwa karanga, akawapa watoto na michembe ya viazi. Wameimaliza. Watu wanaopita barabarani wanauliza kama Bibi Shamba siku hizi anauza mchicha. Nawajibu kwamba waje Oktoba.

Ijumaa, 18 Julai

Upepo, vumbi. Sijamwagilia tangu mwezi uliopita na sitamwagilia. Suzana anakuja kila asubuhi kuninong'oneza kwamba inakufa. Namwonyesha jani linavyosimama jioni. Inavumilia.

Jumatano, 23 Julai

Fahali wa Malimi ameingia shambani na kula mstari mzima wa mwanzo, pamoja na kukanyaga miwili mingine. Nilimshika kamba nikampeleka mwenyewe hadi kwa mzee, nimevimba kwa hasira, nina hotuba nzima kichwani.

Malimi alimtazama fahali, akanitazama mimi. "Amekula ngapi?"

"Mstari na zaidi."

"Hajaumwa tumbo?"

"Mzee, sijaja kumtibu fahali."

Akaguna, akaingia ndani. Nikarudi zangu nikiwa na hotuba yangu yote.

Alhamisi, 24 Julai

Asubuhi nimekuta shamba limezungushiwa miiba pande zote, kazi safi, na samadi ya mwaka jana imemwagwa mlangoni. Hakuna aliyekuja kusema pole. Nimeisambaza samadi bila kusema asante.

Jumapili, 17 Agosti

Imechanua. Sikutegemea kwamba nitashangaa, mimi niliyewahi kuiona, lakini robo eka si sawa na kipande cha nyuma ya nyumba. Masuke mengine mekundu, mengine ya njano, mengine rangi ya zambarau, katikati ya nchi iliyokauka kabisa. Mabasi ya Musoma yanapunguza mwendo. Tumemwagilia jioni mbili mfululizo, maji ya pili.

Venant alisimama kwenye kona ya shamba mikono mfukoni. "Ni nzuri," akasema. "Lakini inaliwa?"

Jumanne, 26 Agosti

Joto.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku mbaya, acha niiandike yote.

Asubuhi nilibonyeza punje kwa kucha, likatoka tone jeupe. Maziwa. Ndio wakati. Nilipanga kuanza maji ya tatu leo leo. Saa nne mgambo akapita akiita mkutano wa lambo.

Lambo limekuwa dimbwi. Ng'ombe wanaingia hadi magotini kwenye tope ili wafike kwenye maji. Malimi alisimama akasema kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu: kuanzia leo hakuna mtu kuchota kwa bustani, kwa kufyatulia matofali, wala kwa shamba lolote. Maji yaliyobaki ni ya mifugo peke yake.

Niliomba nafasi. Nilisema vizuri, kama nilivyozoea kusema mbele ya watu. Nikaeleza kwamba zao langu linataka maji mara moja tu, ya mwisho, kidogo kuliko wanavyofikiri, na kwamba kijiji kisicho na mahindi kinahitaji nafaka yoyote. Watu walianza kutikisa vichwa kukubali. Niliona nawapata.

Malimi akasubiri nimalize.

"Mayu, ulikuja kwangu mwezi wa sita. Nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Ukasema nini?"

"Nikasema sawa."

"Basi."

Akakaa. Mkutano ukaisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia sana, na jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba hakusema uongo hata neno moja. Sitachota. Nilitoa neno langu mbele ya Suzana na nitalishika. Lakini sitalia pia. Kinoa haifi kwa siku moja. Itapunguza punje, itazifanya ndogo, lakini itashika kitu. Kesho tunapalilia juu juu ili kuziba nyufa, kisha tutandaze nyasi kavu zote tutakazopata, unyevu uliobaki usitoroke.

Jumapili, 7 Septemba

Matandazo yamekwisha kuwekwa. Venant alisaidia, hakusema lolote kuhusu Mirongo. Angesema ningemjibu vibaya, na analijua hilo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeamka mapema, nikapitia shambani kabla ya jua kukolea. Matuta yangu yamekauka kama nilivyoyaacha. Matuta ya Suzana yameloa. Nilifunua nyasi, nikaingiza kidole: tope. Nyayo zake, na alama za ndoo, zinakwenda moja kwa moja kwenye miiba na kupenya upande wa lambo.

Nilimkuta akipepeta udaga wa muhogo. Hakujifanya hajui nilichofuata.

"Ni mimi," akasema.

"Suzana, tulisema sawa, wewe na mimi."

"Wewe ulisema. Mimi niliitikia." Akaweka ungo chini. "Dada Specioza, shamba hili likikataa, wewe utakwenda Mirongo. Una mume, ana mshahara, kuna chumba kinakungoja. Mimi likikataa nakwenda wapi? Wewe umelima kuonyesha kwamba unaweza. Mimi nimelima kula."

Nilikuwa na jibu. Sikulitoa, kwa sababu lilikuwa jibu la ofisini. Tangu Juni nimekuwa nikisema "shamba langu", na nikimtaja Suzana namtaja kama mtu niliyempa matuta. Amepalilia kila siku niliyopalilia mimi. Siku fahali alipoingia, mistari miwili kati ya ile iliyoharibiwa ilikuwa yake, na sikukumbuka hata kumtajia Malimi.

"Twende kwa mzee," nikamwambia.

"Ukanishitaki?"

"Twende wote. Utasema wewe, au nitasema mimi, lakini akisikia kwa mtu mwingine hatutalima tena hapa, wala mimi wala wewe."

Akafunga kanga vizuri, tukaenda.

Tulimkuta Malimi ukingoni mwa lambo na vijana wake, wanavuta ndama kwenye tope kwa kamba. Walimtoa, lakini alikuwa amekwisha kufa. Ningependa siku nyingine yoyote isipokuwa hiyo. Suzana hakungoja. Alisema palepale, kwa Kisukuma. Nilielewa maneno "maji", "watoto" na jina langu.

Mzee alinawa tope mikononi kwa mchanga, si kwa maji. Kisha akasema, "Nionyesheni shamba."

Akapita kwenye miiba aliyoifunga mwenyewe. Akainama kwenye matuta ya Suzana yaliyoloa, akainama kwenye yangu makavu. Akavunja shina moja la kwangu akalitafuna. Akatazama majani.

"Haya hayajanywa tangu lini?"

"Tangu ilipochanua, mzee. Katikati ya Agosti."

"Na bado ni mabichi." Akalitema shina. "Mtama wangu uko hapo juu, umekufa wote. Fahali wangu alikula hii, sikumwona kuumwa. Mkivuna, mabua mnapeleka wapi?"

Nikaona alikokuwa anakwenda, na nikaona njia yangu vilevile.

"Mabua yote ni ya ndama wako," nikasema. "Na majani ya chini tunaweza kuanza kuyapunguza kesho. Lakini nataka ng'ombe wako wa mkokoteni, na mapipa. Ziwani maji hayana kamati."

"Ziwa ni mbali. Ng'ombe wamechoka."

"Hatumwagilii shamba zima. Tunaupa kila mmea kopo moja kwenye shina, chini ya nyasi. Ni safari chache, na ng'ombe wenyewe watakunywa hukohuko ziwani mpaka washibe. Hapa wanakunywa tope."

Malimi akamgeukia Suzana, wakaongea. Baadaye Suzana aliniambia aliulizwa kama Bibi Shamba huwa anajua anachosema, naye akajibu kwamba mara nyingi.

Kuhusu maji yaliyochotwa, mzee alisema yatazungumzwa kwenye mkutano baada ya mavuno, na Suzana atasimama mwenyewe. Suzana akakubali. Safari hii alisema yeye, mimi nikaitikia.

Ijumaa, 12 Septemba

Ziwani. Magugu maji yamefunika ufuko wote; ilibidi tuyafyeke ndipo tupate mahali pa kuchotea. Ng'ombe walikunywa muda mrefu, tukakaa tu tukiwatazama. Malimi alikuja mwenyewe, alisema ni kwa ajili ya ng'ombe. Mapipa manne, yamefunikwa magunia. Kopo moja kila shina.

Jumamosi, 13 Septemba

Ziwani tena.

Jumatatu, 15 Septemba

Ziwani. Tumemaliza. Tulianza na matuta yangu makavu, na mwishoni ilibidi tuamue kama matuta ya Suzana yapate, kwa kuwa yalikwisha kunywa. Malimi alisema yaachwe. Suzana alisema yaachwe. Nikakubaliana nao.

Alhamisi, 25 Septemba

Majani yanaanza kugeuka njano. Ndege wanakuja, wanaonja, wanatema. Ganda la punje ni chungu, lina kitu kama sabuni. Mtama ungekwisha kuliwa wote. Watoto wa Suzana wamekaa na manati bila kazi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Bado siku chache. Nikipiga suke kiganjani punje kadhaa zinadondoka, nyingi bado zimeshika. Redio inasema mwaka huu mvua itawahi na itakuwa kubwa sana. Kijiji kizima kinafurahi. Mimi peke yangu naomba ichelewe. Kinoa iliyokomaa ikinyeshewa inaota palepale kwenye suke, na ikishaota hakuna cha kula wala cha kupanda.

Jumanne, 7 Oktoba

Saa tisa alasiri mawingu yamejipanga upande wa ziwa, meusi, yameshuka chini. Upepo umegeuka. Nilimwambia Suzana tunakata, tayari au si tayari. Akakimbilia kwa Malimi bila kuulizwa.

Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia. Nadhani wengine walikuja kwa mzee, wengine walikuja kuona. Kila mtu na mundu. Niliwapanga mistari, nikawaonyesha pa kukata, nikawakataza kutingisha masuke. Wanaume waliozoea kunipita barabarani wakinicheka waliniuliza, "Hivi, mama?" na nikawajibu, "Hivyo." Mkokoteni ukabeba mizigo hadi kwenye ghala la Malimi, ambalo mwaka huu halina mtama. Tone la kwanza lilinipiga shingoni tukiwa mstari wa mwisho. Tulivuta turubai juu ya mzigo na kukimbia nyuma ya mkokoteni, Suzana akishika upande mmoja, mimi mwingine.

Nyuma yetu mvua ilikuja na sauti kama lori la kokoto linalomwagwa. Mstari wa mwisho umebaki shambani. Uende.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Tunapura ndani ya ghala kwa fimbo, tunapepetea mlangoni upepo unapotulia. Mzee anakaa kwenye kigoda chake akitazama. Ameagiza mabua yaondolewe kwa utaratibu, yasichanganyike na takataka. Kwa ajili ya ndama.

Jumapili, 12 Oktoba

Venant amefika ameloa chapachapa, baiskeli begani, barabara imekatika pale bondeni. Aliingia ghalani akasimama mbele ya magunia. Akaingiza mkono ndani ya moja hadi kwenye kiwiko, akautoa polepole.

"Hii yote ni ile ya kwenye kopo?"

"Hii yote."

Alivua shati akalikamua, akachukua ungo.

Jioni tulipika. Nilimwonyesha Suzana na Getruda, mke wa mzee: unaosha, unasugua kwa viganja, maji yanatoa povu kama ya kufulia, unamwaga, unaosha tena mpaka povu liishe na ukionja usisikie uchungu. Kisha unapika kama wali. Tulikula na mchuzi wa mapanki, mabaki ya sangara aliyoyaleta Venant kutoka kiwandani. Malimi alitafuna kwa uangalifu, kama alivyotafuna lile shina.

"Haina utamu wa mtama," akasema.

"Haina," nikakiri.

Akasogeza bakuli kwa Getruda aongezewe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mkutano. Lambo limejaa hadi ukingoni, na watu walikuwa na furaha, nikaogopa kwamba wangelipuuza jambo la Suzana au wangelifanya mzaha. Hawakulipuuza. Suzana alisimama akaeleza alivyochota, alfajiri gani, ndoo ngapi, na kwa nini. Hakuomba huruma. Wakabishana sana. Wengine walitaka atoe mbuzi. Wengine wakasema mbuzi anaye wapi.

Malimi aliwaacha wachoke. Kisha akasema kamati imekuwa ya wanaume wenye ng'ombe peke yao, na hakuna hata mmoja wao aliyemwona Suzana akipita. "Huyu anajua pa kupenya," akasema. "Aingie kwenye kamati azibe."

Watu walicheka, halafu wakaona kwamba hatanii. Mikono ikanyooshwa. Wangu ulikuwa wa kwanza, niseme ukweli, na sikuuteremsha mpaka walipomaliza kuhesabu.

Jumapili, 26 Oktoba

Tumegawana: ya kula, ya mbegu, na mabua kwa mzee. Mavuno ya matuta ya Suzana yamezidi yangu kidogo. Nimempimia mbegu zake kwanza. Wakulima wengine wamekuja kuomba. Nimewaambia waende kwake pia, anajua kila kitu ninachojua kuhusu matuta haya, na la maji analijua zaidi, sasa ni mjumbe.

Venant alikuwa amekaa barazani anatazama mvua.

"Mwezi unaisha," akasema.

"Unaisha."

"Nimempa mwenye nyumba taarifa kwamba nahama. Ile ya Mirongo. Nitakuwa nakwenda Ilemela kwa basi la alfajiri na kurudi."

"Utachoka."

"Nitachoka," akasema, akajisogeza kidogo ili nami nipate pa kukaa.